Fomu, kamera, kesi au ajira: lipi lianze kuwazuia polisi kushuku watu kwa kabila?

Mwenye fedha na nguvu za kufanya kila kitu kwa pamoja hana haja na ulinganisho huu. Nimeuandika nikimfikiria mtu mwingine: kamati ya wakazi, wakili wa msaada wa kisheria, mwakilishi wadi, au hata OCS (mkuu wa kituo cha polisi) mwenye nia njema, ambaye ana bajeti ya jambo moja, pengine mawili. Anataka kujua lipi litapunguza haraka idadi ya watu wanaosimamishwa kwa sababu ya sura, lafudhi, jina au vazi. Uwanja wangu ni Kenya, na hasa Eastleigh. Mifano mingi ya dawa inatoka nje, kwa kuwa huko ndiko zilikojaribiwa na matokeo yakaandikwa, mazuri na mabaya.

Kwanza ujue ugonjwa uko wapi

Watu hukosea kuchagua kwa sababu wanauita ubaguzi huu kwa jina moja, ilhali una makao matatu, na dawa ya kao moja haifiki kwa jingine.

Kao la kwanza ni barabarani. Askari wawili wanamsimamisha kijana saa mbili usiku, na swali ni lile lile: kipande kiko wapi? Akikitoa, kinashikwa, kinageuzwageuzwa, kinatiliwa shaka. Akiwa amekisahau nyumbani, anaonyeshwa karandinga. Mara nyingi mambo huishia papo hapo kwa kitu kidogo, ndiyo maana wakazi wa Islii, yaani Eastleigh, wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba polisi wanawaona kama ATM. Rushwa ni sehemu tu ya tatizo. Kubwa zaidi ni kwamba tukio zima haliachi alama. Kitabu cha matukio, yaani OB, kiko kituoni, na aliyeachiwa barabarani hafiki kituoni. Mwulize OCS ni Wasomali wangapi walisimamishwa wiki iliyopita na wangapi walikutwa na kosa, naye atakujibu kwa ukweli kabisa kwamba hajui.

Kao la pili ni amri kutoka juu. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwapanga foleni raia wake wa asili ya Kisomali, wao peke yao, wathibitishe uraia, wakapewa kadi maalumu za kubeba pamoja na kitambulisho. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya Likoni na Eastleigh, ikaja Operesheni Usalama Watch. Nyumba zilivamiwa usiku, watu zaidi ya 4,000 wakakamatwa, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa. Tanzania nayo ilikuwa na Operesheni Kimbunga mwaka 2013 katika Kagera, Kigoma na Geita, ambapo watu wenye asili ya Rwanda na Burundi, wakiwemo walioishi huko miongo kadhaa, walijikuta ndio wanaotafutwa. Katika msako kama huo askari wa chini haamui chochote. Ameambiwa aende mtaa gani, na mtaa wenyewe ndio kabila.

La tatu ni dirishani, yaani kwenye ofisi ya kutoa vitambulisho. Mnubi wa Kibera au Msomali wa Garissa aliyetimiza miaka 18 ameitwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama athibitishe kwamba ni Mkenya, wakati rika lake wa Nyeri hakuulizwa hayo. Aliye dirishani huenda asiwe polisi. Lakini anayenyimwa kitambulisho hapo ndiye windo rahisi la askari wa barabarani kesho yake, kwa hiyo makao haya yanalishana.

Jedwali hili ni la haraka. Maelezo yanafuata, na hayatalingana urefu, maana dawa zenyewe hazilingani uzito.

| Dawa | Inafaa wapi | Muda wa kuona tofauti | Inapofelia |
|---|---|---|---|
| Fomu na risiti ya kusimamishwa | Barabarani | Miezi | Mkubwa asipoisoma |
| Kubana sababu za kushuku | Barabarani, viwanja vya ndege, mipakani | Miezi | Kanuni ikiachwa wazi |
| Kamera ya kifuani | Mzozo wa askari na raia | Hautabiriki | Picha zikibaki mikononi mwa polisi tu |
| Mafunzo | Hayafai peke yake | Hauonekani | Yakiwa ndiyo mpango wote |
| Ajira ya jamii zote | Imani ya wananchi | Miaka 10 au zaidi | Askari mpya akipewa amri ile ile |
| IPOA (chombo huru cha kuwachunguza polisi) na mahakama | Msako, dirisha la vitambulisho | Miezi 7 hadi miaka 17 | Hukumu isipotekelezwa |

Fomu: dawa ya bei rahisi inayoharibika kwa urahisi

Fuenlabrada ni mji wa watu karibu 200,000 kusini mwa Madrid, Uhispania. Mwaka 2007 na 2008 polisi wa mji huo waliingia katika mradi uliojaribiwa pia Bulgaria na Hungaria. Kila aliyesimamishwa aliandikiwa fomu: wapi, saa ngapi, kwa sababu gani, uraia wake, na kilichopatikana. Nakala moja aliondoka nayo mwenyewe. Wasimamizi walizisoma fomu hizo na kuwauliza askari maswali, na watu wa jamii wakashirikishwa kufuatilia. Ndani ya miezi michache, idadi ya kusimamisha watu ilishuka kwa zaidi ya nusu. Kati ya waliosimamishwa, waliokutwa na kosa walipanda kutoka asilimia 6 hadi 17.

Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja. Polisi walisumbua watu wachache zaidi, na kila waliposimamisha mtu walikuwa na nafasi karibu mara tatu ya kuwa sahihi. Kwa OCS anayeogopa kwamba kuheshimu haki kutamfunga mikono, hii ndiyo hoja ya kumpelekea. Hotuba ya haki za binadamu ameisikia mara nyingi, na uso wake huonyesha hivyo.

Sasa weka New York kando yake. Polisi wa New York walikuwa na fomu yao, UF-250, kwa miaka mingi. Mwaka 2011 peke yake walirekodi kusimamisha watu mara 685,724. Jaji Shira Scheindlin alipotoa hukumu katika kesi ya Floyd dhidi ya mji wa New York mwezi Agosti 2013, mbele yake palikuwa na kumbukumbu za matukio milioni 4.4 tangu 2004. Zaidi ya asilimia 80 yaliwahusu watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na karibu 9 kati ya kila 10 hayakuishia kwa kukamatwa wala kushtakiwa. Fomu ilikuwepo wakati wote huo. Ilikuwa na visanduku vya kutia alama, kama “mwenendo wa kutia shaka” na “eneo lenye uhalifu mwingi”. Askari akatia alama, akaenda zake. Mkubwa wake aliangalia fomu ni ngapi, na aliyeleta nyingi akahesabiwa mchapakazi.

Kwa hiyo anayekuja kwenu na mradi wa fomu muulizeni mambo mawili kabla ya kumpa chai. Je, sababu inaandikwa kwa maneno ya askari mwenyewe, au anatia alama tu? Na nani, kwa cheo, atakaa Ijumaa na kuzisoma? Akisita kwenye swali la pili, mradi huo utazaa karatasi.

Hata hivyo fomu mbovu ya New York ilifanya kazi moja kubwa, ya kuwa ushahidi. Bila zile UF-250 kesi ya Floyd ingekuwa maneno ya vijana wachache dhidi ya maneno ya askari. Ufaransa wanaijua hasara hiyo. François Hollande aliahidi risiti ya namna hii katika kampeni ya 2012, kisha serikali yake ikaiacha. Watu 13 walipoishtaki dola, walilazimika kutegemea mashahidi waliokuwepo barabarani. Mahakama ya juu ya rufaa ilikubali Novemba 2016 kwamba dola inawajibika kwa ukaguzi wa kibaguzi, lakini waliokosa mashahidi walitoka mikono mitupu.

Kuna hoja nyingine ya kujiandaa nayo, ile ya “uhalifu utapanda”. New York walipunguza kusimamisha watu hadi takriban 22,500 mwaka 2015. Mauaji ya 2011 yalikuwa 515. Ya 2015 yalikuwa 352. Sisemi kupunguza msako ndiko kulikopunguza mauaji. Nasema tu kwamba waliotabiri damu hawakuiona. Na tuwe waadilifu: msimamizi aliyewekwa na mahakama aliripoti baadaye kwamba kuna askari waliokuwa wakisimamisha watu bila kuandika kabisa. Ndiyo sababu ya ile nakala ya raia. Raia akijua kwamba anastahili karatasi, ataiulizia.

Uingereza inatufundisha tahadhari nyingine. Katika Uingereza na Wales upekuzi wa barabarani ulishuka kutoka zaidi ya milioni 1.2 mwaka 2010/11 hadi kama 280,000 mwaka 2017/18. Ni mafanikio makubwa kwa mtu yeyote aliyekuwa akipekuliwa. Lakini katika mwaka huo wa mwisho mtu mweusi alikuwa na uwezekano mara tisa na nusu wa kupekuliwa kuliko mzungu, uwiano mbaya kuliko wa awali. Walipopunguza, walianza kuwapunguzia wengine. Kwa hiyo kamati inayopima jumla peke yake inaweza kusherehekea huku Wasomali wake wakisimamishwa vile vile.

Kipimo ninachokipenda ni kiwango cha kupata kosa, kikihesabiwa kwa kila kundi. Tuseme kituo kimesimamisha Wasomali 100, watatu wakakutwa na kosa, na wengine 100, tisa wakakutwa. Hapo huhitaji kubishana kama Wasomali ni wengi mtaani au wanatembea usiku zaidi. Askari wenyewe, kwa kalamu zao, wameonyesha kwamba kwa Msomali wanaridhika na shaka ndogo.

Kubana sababu: jambo lisilozungumzwa vya kutosha

Fomu inarekodi sababu. Afadhali zaidi ni kukubaliana mapema sababu zipi zinaruhusiwa. Mfano bora ninaoujua ni wa Idara ya Forodha ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa inalaumiwa kwa kuwapekua abiria weusi na wenye asili ya Kilatini viwanjani, hasa wanawake, hadi upekuzi wa mwilini. Kamishna wake, Raymond Kelly, aliondoa orodha ndefu ya dalili za kushuku na kuacha chache zinazotokana na mwenendo na taarifa mahususi, kisha akataka msimamizi aidhinishe kabla ya upekuzi. Upekuzi ulipungua kwa karibu robo tatu. Kiwango cha kukuta dawa za kulevya kikapanda zaidi ya maradufu.

Historia ina utani wake: Kelly huyo huyo ndiye aliyekuwa kamishna wa polisi wa New York kuanzia 2002 hadi mwisho wa 2013, miaka ile ya UF-250. Ujuzi wa mtu haukubadilika. Kilichobadilika ni kanuni alizosimamia na kile ambacho idara ilikuwa ikikitafuta.

Kinyume chake ni kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2000, kilichoruhusu polisi kumpekua mtu bila shaka yoyote mahususi katika maeneo yaliyotangazwa. Katika mwaka mmoja, 2009/10, zaidi ya watu 100,000 walipekuliwa kwa kifungu hicho. Hakuna hata mmoja aliyekamatwa kwa ugaidi. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikikataa Januari 2010 katika kesi ya Gillan na Quinton. Anayesema kwamba tishio la Al-Shabaab linahalalisha kumshuku kila mwenye sura ya Kisomali aulizwe ni nini kilipatikana huko walikofanya jambo la jinsi hiyo kwa jamii nyingine.

Kwa Kenya, kubana sababu hakuhitaji Bunge katika hatua ya kwanza. OCS anaweza kuwaambia askari wa doria kwamba lugha, vazi na “anaonekana si wa hapa” si sababu za kumsimamisha mtu, isipokuwa pale ambapo kuna maelezo ya mshukiwa mahususi, yenye tukio, saa na mahali. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kikabila kwa maneno yaliyo wazi, kwa hiyo hatungi sheria. Anaitafsiri kwa lugha ya zamu ya usiku.

Kamera na mafunzo, kwa ufupi

Wafadhili wanapenda vitu hivi viwili kwa sababu vinapigika picha. Kamera za kifuani ziliwika baada ya jaribio la mji mdogo wa Rialto, California, ambako malalamiko dhidi ya polisi yalishuka sana. Kisha Washington DC walifanya jaribio kubwa zaidi, askari zaidi ya 2,000, wenye kamera kwa wasio nazo. Matokeo ya 2017 hayakuonyesha tofauti ya maana, wala katika matumizi ya nguvu wala katika malalamiko. Kamera huonyesha jinsi mtu alivyosimamishwa. Ni nadra kuonyesha kwa nini yeye na si aliyekuwa mbele yake. Ongeza gharama ya kuhifadhi picha na swali la nani anaziona. Kwa mtaa wenye bajeti ya jambo moja, ningeiacha.

Mafunzo nayo. New York iliwafundisha askari wake wote, makumi ya maelfu, kuhusu upendeleo usiojitambua. Tathmini ya 2020 ilikuta kwamba askari walielewa somo, ila takwimu za nani anasimamishwa hazikusogea kwa namna ya kupimika. Warsha ya siku mbili hotelini Naivasha haitafanya kilichowashinda hao. Mafunzo yana maana pale tu yanapomfundisha askari kujaza fomu mpya au kutumia kanuni mpya.

Ajira: kweli, lakini polepole

Ibara ya 246 ya Katiba ya Kenya inataka Huduma ya Taifa ya Polisi ionyeshe sura ya maeneo na makabila yote, na sheria ya utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Je, ajira hubadilisha mtaa? Utafiti wa Chicago uliochapishwa 2021 ulikuta kwamba askari weusi, wakiwa zamu na mitaa ile ile, walisimamisha na kukamata watu wachache kuliko wenzao weupe, na tofauti kubwa ilikuwa kwa makosa madogo na kwa raia weusi. Ireland ya Kaskazini iliajiri nusu kwa nusu kati ya Wakatoliki na wengine kuanzia 2001 hadi 2011, na sehemu ya Wakatoliki katika polisi ikapanda kutoka karibu asilimia 8 hadi 30 hivi.

Miaka 10, kwa sheria maalumu na serikali inayosukuma. Kamati ya mtaa haiwezi kuibeba hiyo. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba usaili wa makurutu ukija kaunti yenu, vijana wenu wamefika wakiwa na vitambulisho mkononi, na hapo tumerudi kwenye kao la tatu: kijana asiyepewa kitambulisho hawi askari.

Kuna jambo la kando ambalo huchanganywa na ajira, nalo ni Nyumba Kumi. Mpango huo ulipigiwa debe baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013. Sikatai kwamba jirani anamjua jirani. Lakini ukimwambia jirani aripoti “wageni”, katika mtaa ambako kabila moja ndilo linaloonekana geni, umehamisha ushukuaji kutoka kwa askari kwenda kwa mwenye duka. Mpango huo usihesabiwe kama dawa ya ubaguzi mpaka taarifa za majirani nazo zidaiwe sababu.

IPOA na mahakama: silaha ya masafa marefu

Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ilifuatilia Usalama Watch na kutoa ripoti Julai 2014 iliyosema wazi kwamba operesheni ile haikufuata sheria. Ripoti hiyo ni ya thamani: ni chombo cha dola kikiiandikia dola. Ila ilitoka miezi mitatu baadaye, watu walishalala Kasarani. Lalamiko kwa IPOA linampa mtu mmoja nafasi ya haki, na linampa wakili karatasi. Haliuzuii msako wa kesho asubuhi.

Mahakamani, Kenya ina rekodi nzuri kuliko watu wanavyodhani, hasa pale amri inapokuwa imeandikwa. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Kituo cha Sheria na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo Julai 2013. Miezi saba. Linganisha na Rosalind Williams, raia wa Uhispania aliyesimamishwa kituo cha reli cha Valladolid mwaka 1992 kwa sababu ya rangi yake. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilimpa haki yake mwaka 2009. Katikati yuko Mpanzu Bamenga, diwani wa Eindhoven mwenye asili ya Kongo. Alitolewa kando uwanja wa ndege mwaka 2018 akitoka Roma, na mahakama ya rufaa ya The Hague ikaamua Februari 2023 kwamba walinzi wa mpaka wa Uholanzi hawaruhusiwi kutumia rangi au kabila kama kigezo cha kumchagua wa kukagua.

Lakini hukumu ya Majanja ilikuwa na umri wa miezi tisa tu Eastleigh ilipovamiwa. Na uamuzi wa Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto kuhusu watoto wa Kinubi wa Kenya ulitolewa Machi 2011, ilhali tangazo la Rais William Ruto la kuondoa ule uhakiki wa ziada wa vitambulisho kwa kaunti za kaskazini, alilolitoa Wajir, lilikuja Februari 2025. Anayechagua mahakama achague na mtu wa kufuatilia utekelezaji kwa miaka, la sivyo atabaki na nakala nzuri ya hukumu kabatini.

Kabila liandikwe kwenye fomu?

Hapa ndipo vikao huvunjika. Bila kuandika kabila hakuna takwimu za ubaguzi. Ufaransa haikusanyi, na kwa hiyo haiwezi kuonyesha ukubwa wa tatizo hata pale ambapo Baraza lake la Dola limekiri, Oktoba 2023, kwamba matukio haya si ya hapa na pale. Kwa upande mwingine, Mkenya aliyeona ghasia za baada ya uchaguzi za mwaka 2008, au Msomali aliyebeba kadi ya 1989, ana kila sababu ya kuogopa polisi wakiwa na orodha ya majina na makabila. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu asili ya kikabila kuwa taarifa nyeti, na ni sawa.

Pendekezo langu ni kitabu cha nakala mbili, kama kile cha risiti cha duka la jumla. Nakala ya raia ina jina lake, namba ya askari, saa na sababu. Nakala ya kituo haina jina. Ina namba ya askari, saa, mahali, sababu, matokeo, na jamii ambayo askari alidhani mtu huyo anatoka. Neno alidhani ni muhimu, maana tunapima macho ya askari. Nasaba ya raia haituhusu. Kamati ya nje inapata jumla za mwezi. Haipati vitabu.

Sasa wewe uchague

Kama ninyi ni wakazi wa Eastleigh, Majengo, Likoni au South C na shida yenu ni ya barabarani, anzeni na kitabu hicho katika kituo kimoja ambako OCS anasikiliza, pamoja na orodha fupi ya sababu zisizokubalika. Kituo kimoja kwa nusu mwaka kina thamani kuliko mkakati wa kitaifa usio na msomaji. Tatizo moja halina dawa kamili: OCS huhamishwa. Pateni sahihi ya mkubwa wake wa kaunti ndogo pia, na takwimu za kila mwezi zitoke kwa barua, ili atakayekuja akute mazoea yaliyoandikwa.

Kama ninyi ni mawakili, msianze na fomu. Andaeni mapema ombi la kusimamisha operesheni, likiwa na Ibara ya 27 na ile ya 49 inayotaka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, mkibakiza tarehe na mahali vya kujaza. Msako hutangazwa Ijumaa jioni kwa sababu zinazojulikana.

Garissa, Wajir, Mandera na kwa Wanubi wa Kibera, dirisha la vitambulisho lije kabla ya yote. Fuatilieni kama tangazo la 2025 linatekelezwa katika ofisi yenu: hesabuni wangapi wameomba, wangapi wamerudishwa, na wameambiwa walete karatasi gani ambayo jirani wa kaunti nyingine hadaiwi.

Na kama wewe ni OCS, na umesoma hadi hapa, huhitaji kungoja kamati. Nunua vitabu vya nakala mbili, waambie askari wa zamu ya usiku waandike sababu kwa maneno yao, na Ijumaa ya kwanza usome sababu hizo kwa sauti mbele yao wote.